Vidokezo 15 vya kulima vitunguu nyumbani bila kuvidekeza

Ukisikia mafuta yanalia kwenye sufuria, ujue kitunguu kimeshakatwa. Maharage, nyama, mchicha na pilau vyote vinaungwa nacho, na bila hicho hakuna kachumbari. Ndiyo maana bei ya kilo ikipanda sokoni, kila nyumba inajua siku hiyohiyo.

Zao hili halidai eka. Mizizi yake mingi haishuki zaidi ya sentimita 30, majani yake hayatambai hadi kwa jirani, na kipande kidogo cha ardhi nyuma ya nyumba kinatosha. Wengi wanaoshindwa si wavivu. Wanashindwa kwa kuzidisha: mbolea nyingi, maji mengi, udongo mwingi, huruma nyingi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Vidokezo hivi vinahusu vitunguu maji na vitunguu saumu, na karibu nusu yake vinakuambia wakati wa kuacha.

1. Anza na hesabu ya jikoni

Kabla ya kushika jembe, jiulize nyumba yako inakula vitunguu vingapi. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 3, likipigwa mistari ya sentimita 15 na nafasi ya sentimita 10 kati ya mche na mche, linabeba miche 200. Nyumba inayotumia vitunguu viwili kwa siku imepata vitunguu vya kuungia mboga kwa zaidi ya miezi mitatu hapo. Upana usizidi mita 1, ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga tuta, maana udongo ulioshindiliwa hauzai kitunguu cha maana. Chagua mahali panapopigwa jua kutwa. Chini ya mwembe utavuna majani tu.

2. Soma pakiti ya mbegu kabla ya kulipa

Kitunguu huanza kujaza kichwa kwa kufuata urefu wa mchana. Aina za Ulaya ya kaskazini husubiri mchana wa saa 14 na zaidi, na Dar es Salaam hata mwezi Desemba mchana haufiki saa 13. Kwa hiyo ndugu aliyeko Uholanzi akikuletea pakiti yenye picha ya kitunguu kikubwa cha kutamanisha, mshukuru, kisha panda mbegu hizo kwa ajili ya majani.

Kwetu zinafaa aina za mchana mfupi: Red Creole, Bombay Red, Texas Grano, na Mang'ola Red, inayobeba jina la Mang'ola ya Karatu, karibu na Ziwa Eyasi, ambako kilimo cha vitunguu kinaendesha maisha ya watu wengi. Red Creole ni kitunguu cha wastani, kikali, na hukaa muda mrefu baada ya kuvunwa. Texas Grano ni kikubwa na kitamu kwa kachumbari, lakini hakivumilii kuhifadhiwa.

Angalia na tarehe pia. Mbegu za kitunguu huzeeka upesi kuliko za mboga nyingi, na zilizopita mwaka huota kwa kusuasua. Nunua pakiti iliyofungwa, yenye lebo ya wakaguzi wa mbegu: TOSCI kama uko Tanzania, au KEPHIS kama uko Kenya. Gramu moja ina mbegu kama 250, hivyo hata pakiti ndogo itakuzidi. Changeni majirani wawili watatu, mgawane.

3. Panga mavuno yaangukie kwenye ukavu

Mvua za kwanza zikidondoka, kila mtu hukimbilia kupanda. Mahindi sawa, kitunguu hapana. Mvua kubwa hukiletea ukungu kwenye majani na kukiozesha kichwa kikikaribia kukomaa. Kwenye mikoa yenye masika na vuli, sia mbegu mwezi wa nne chini ya kichanja cha nyasi, hamishia miche mwanzoni mwa mwezi wa sita masika yakiwa yamekwisha, umwagilie wakati wa kipupwe, uvune Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kabla vuli haijabisha hodi. Mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Iringa, Dodoma na Singida, hamishia miche mvua zikimalizika. Tangu kusia hadi kuvuna, weka miezi mitano hivi.

4. Samadi iwe imeoza kweli

Wiki mbili tatu kabla ya kuhamisha miche, lima tuta kwa kina cha jembe, vunja mabonge, toa mawe. Changanya debe moja la samadi iliyooza au mboji kwa kila mita moja ya mraba. Ingiza mkono katikati ya lundo la samadi: kama kuna joto au inanuka, bado. Samadi mbichi huunguza mizizi na huja na mbegu za magugu ambazo utazipalilia mpaka uchoke. Kwenye udongo wa mfinyanzi, inua tuta sentimita 15 hadi 20 ili maji yasituame. Kwenye kichanga cha pwani usiinue sana, ongeza mboji. Ukitaka mbolea ya dukani wakati wa kupanda, kiganja kimoja cha DAP kilichochanganywa vizuri na udongo kinatosha tuta zima.

5. Kitalu kipate hewa

Chora vifereji vyenye kina cha sentimita 1, vipishane sentimita 10. Dondosha mbegu kwa kuziachanisha, funika kwa udongo laini, tandaza nyasi kavu, mwagilia. Kati ya siku ya 7 na ya 10 mbegu zitaanza kuchungulia. Ondoa nyasi jioni hiyohiyo, la sivyo miche itarefuka, itapauka na kulala.

Adui wa kitaluni ni kinyausi. Shina linaoza usawa wa udongo, mche unaanguka, na kesho yake umeanguka wa pembeni. Hupenda msongamano na udongo ulioloa muda wote, kwa hiyo punguza miche iliyobanana, mwagilia asubuhi, na udongo wa juu upate kukauka kidogo kabla ya jioni. Kama kitalu kinakutisha, nunua miche kwa mtu unayemwamini. Chagua yenye mizizi myeupe na majani yaliyosimama.

6. Hamisha mche, usiuzike

Wiki ya 6 hadi ya 8, shina likifikia unene wa penseli, mche uko tayari. Lowesha kitalu kwanza ili mizizi isikatike, na fanya kazi hiyo jioni. Chomeka mche sentimita 2 hadi 3 tu, usawa uleule uliokuwa nao kitaluni, ubinye udongo kwa vidole na umwagilie. Wanaouzamisha mche kwa kuogopa usianguke hupata shingo ndefu na kichwa chembamba. Siku tatu nne za kwanza miche italala na utadhani imekufa. Usikimbilie mbolea, itasimama yenyewe.

7. Palilia kwa vidole, na usikipandishie udongo

Majani ya kitunguu ni membamba, hayatoi kivuli cha kuzuia magugu. Wiki sita za kwanza ndizo za vita. Jembe kubwa litakukatia mizizi iliyo juujuu, kwa hiyo tumia vidole au kijembe kidogo, na ng'oa magugu yangali madogo.

Kadiri kitunguu kinavyonenepa, utaona mabega yake yametokeza nje ya udongo. Hapo ndipo huruma inapoponza watu: wanakifunika kwa udongo wakidhani ni kiazi. Kiache kiote jua. Udongo uliolundikwa shingoni huleta unyevu, na unyevu huleta uozo. Ukitandaza nyasi kavu kati ya mistari, zisiguse shingo.

8. Maji kidogo kila mara, kisha funga bomba

Mizizi mifupi haina akiba. Mwagilia kila baada ya siku mbili kwenye kichanga, na siku tatu au nne kwenye mfinyanzi. Kipimo ni kidole chako: kichomeke hadi kiungo cha pili, na kikitoka na udongo mkavu, lete ndoo. Kukausha tuta wiki nzima kisha kulizamisha kwa siku moja hukifanya kichwa kipasuke au kigawanyike pacha.

Mwagilia asubuhi, ili majani yakauke kabla jua halijazama. Na majani yakianza kulala yenyewe, acha kumwagilia kabisa, yaani wiki mbili hadi tatu kabla ya kuvuna. Mtaani watakuambia vitunguu vyako vinakufa kiu. Vinakomaa.

9. Mbolea ya kukuzia mara mbili, basi

Wiki ya 3 baada ya kuhamisha, nyunyiza kiganja kimoja cha CAN kwa tuta zima, katikati ya mistari, mbali na majani, kisha mwagilia. Rudia wiki ya 6. Asiyetaka mbolea ya dukani aloweke samadi kwenye ndoo kwa wiki mbili, achuje, azimue kwa maji mengi na kumwagilia udongoni. Kichwa kikishaanza kujaa, weka mfuko wa mbolea mbali. Naitrojeni ya kuchelewa hukupa majani ya kijani ya kupiga picha na shingo nene isiyokauka, na kitunguu chenye shingo nene ndicho cha kwanza kuoza stoo.

10. Panua majani uangalie shingoni

Mara mbili kwa wiki, shika mche, panua majani mawili ya katikati pale yanapokutana, na utazame kwenye mwanga. Vidudu vyembamba vya manjano, urefu wa milimita moja hivi, vikikimbilia ndani kujificha, hivyo ni vithiripi. Hufyonza jani hadi liwe na michirizi ya rangi ya fedha, na hupenda joto na ukavu. Vikiwa vichache, virushie maji kwa nguvu asubuhi. Vikizidi, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, ongeza sabuni ya maji kidogo, na unyunyize jioni ukilenga shingoni, si kwenye ncha.

Magonjwa mawili ya kuyafahamu ni baka zambarau, doa jeupe linalopanuka na kugeuka zambarau katikati, na ubwiri unyoya, ukungu wa kijivu unaoonekana asubuhi yenye umande. Yote mawili hupenda majani yaliyoloa. Kata yaliyougua, uyachome. Yakienea, mpelekee bwana shamba jani lenyewe kabla hujanunua dawa kwa kubahatisha. Ukikuta mche umekatwa usiku usawa wa ardhi, fukua pembeni, utamkuta kiwavi aitwaye sota amejikunja. Dhidi ya kuku hakuna dawa ila wavu.

11. Kitunguu saumu kwanza kiulize baridi

Hapa wengi hupoteza pesa. Kitunguu saumu kinahitaji majuma kadhaa ya baridi ndipo kigawanyike punje. Ndiyo maana kinastawi Mbulu, Mbeya, Lushoto na nyanda za juu za Kenya kama Timau. Ukikipanda Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, kitatoa majani mazuri, na chini kitafanya kitunguu kimoja kidogo cha mviringo kisicho na punje, au kisifanye chochote. Unaweza kukiweka kizima kwenye friji, si kwenye friza, kwa wiki nne hadi nane kabla ya kupanda. Husaidia kiasi, lakini friji haiondoi joto la bustani. Wa pwani, lima saumu kwa ajili ya majani: yakate yakiwa laini, uyatie kwenye mayai, samaki au supu. Ladha ni ileile kwa upole zaidi, na unavuna baada ya wiki chache tu.

12. Wa nyanda za juu, panda punje kubwa

Saumu haina haja ya kitalu. Nunua sokoni iliyolimwa nchini, ngumu, yenye ngozi kavu. Ile nyeupe kubwa inayotoka ng'ambo ilizoea hali ya hewa nyingine, na mara nyingine imetiwa dawa isichipue. Tenganisha punje siku ya kupanda, usizimenye. Kubwa za pembeni zipande, ndogo za katikati zitie kwenye mchuzi. Kitako chini, ncha juu, kina cha sentimita 3 hadi 5, nafasi ya sentimita 10. Ukiipindua, itaota kwa kujikunja na kichwa kitakuwa kibovu.

Panda mwezi wa nne au wa tano, ili ipitie baridi ya Juni na Julai. Palizi na maji ni yaleyale ya kitunguu maji. Vuna majani ya chini yakiwa yamekauka na ya juu karibu nusu bado ya kijani. Ukisubiri yakauke yote, ganda hupasuka ndani ya udongo na punje hutawanyika. Ng'oa kwa kuchimba pembeni, usivute kwa nguvu.

13. Huna uwanja? Tafuta ndoo

Mpangaji wa chumba na sebule naye ana haki ya kitunguu. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini inabeba miche sita hadi minane. Beseni lililopasuka, karai kuukuu au kiroba cha unga vinafaa vilevile, mradi viwe na kina cha sentimita 20 na maji yawe na pa kutokea. Changanya nusu udongo, nusu mboji, na mchanga kidogo. Vyombo hukauka upesi, kwa hiyo siku za jua kali mwagilia kila siku. Na kile kitako chenye mizizi unachokitupa ukikata kitunguu, kichomeke kwenye udongo wenye unyevu. Hakitakupa kichwa kipya kikubwa, lakini majani ya kupambia wali utayapata.

14. Vuna majani yakilala, si tumbo likidai

Zaidi ya nusu ya majani yakilala yenyewe, binya shingo kwa kidole gumba na cha shahada. Ikibonyea, bila kitu kigumu ndani, wakati umefika. Usiyalaze majani kwa mguu ili kuharakisha, maana jeraha la shingoni ni mlango wa uozo. Kitunguu kilichochomoza ua katikati hakitajaza zaidi, na ule mti mgumu wa katikati utakiozesha ghalani, hivyo king'oe na ukipike kwanza. Chagua siku kavu, legeza udongo kwa chini, na usivitupe vitunguu kama mawe. Vile vilivyochubuka ni vya wiki hii.

15. Kausha kivulini, usioshe

Vitandaze kwenye kichanja chenye hewa, kivulini, safu moja, kwa siku 10 hadi 14. Usivioshe. Futa udongo mkavu kwa mkono. Vikiwa tayari, shingo imefunga, ganda la nje linachakarika ukiligusa, na mizizi ni mikavu. Hapo kata shingo ukiacha sentimita 2 hadi 3, au suka majani pamoja na uvitundike. Saumu ndiyo inayopendeza zaidi kusukwa. Weka kwenye mfuko wa wavu au kapu, mahali pakavu. Usitumie mfuko wa plastiki, na usivichanganye na viazi, vinavyotoa unyevu. Kagua kila wiki, utoe kilichoanza kulainika kabla hakijaambukiza wenzake. Red Creole iliyokaushwa vizuri itakufikisha miezi mitatu na zaidi.

Tuta likibaki tupu, usirudishe vitunguu wala saumu palepale. Ukungu wake hubaki ardhini ukivisubiri. Panda maharage, mchicha au karoti, na uzungushe mazao hivyo kwa miaka mitatu kabla ya kurudi. Msimu wa kwanza tosheka na tuta moja, ulijue vizuri, ndipo uongeze la pili. Kitunguu cha kula Oktoba husiwa Aprili, basi pima tuta lako mapema, tafuta samadi sasa iwahi kuoza, na ongea na jirani mchangie mbegu.